Sungura wa sufu wakiishi kundi banda moja: panga kila kitu ukifikiria mgongo wa sungura

Watu wakisikia sungura wangu wa sufu, wale wanaoitwa Angora, nimewatoa kwenye vizimba wanaishi wote pamoja, swali la kwanza ni lile lile, "hawauani hao?" Mi huwa najibu kupigana ni kazi ya wiki mbili tatu za mwanzo, ukiwaunganisha vizuri linaisha, kitu ambacho hakiishi mpaka kesho ni takataka kwenye sufu. Kizimba cha wavu kina ubaya wake mwingi, miguu inachubuka, sungura anakaa amezubaa siku nzima, lakini kuna kitu kimoja kinafanya vizuri sana, mavi na mkojo vinadondoka chini na mnyama anabaki msafi. Mtoe pale muweke sakafuni na wenzake wanne, na majani makavu, na vumbi, uone sufu inavyogeuka ufagio. Mavuno yangu ya kwanza baada ya kuwaunganisha nilitupa karibu nusu, mbegu za nyasi zilikuwa zimeingia mpaka kwenye ngozi, nikakaa siku tatu nachambua na kibano alafu nikakata tamaa.

Kwaiyo haya ninayoandika yote yanazunguka swali moja, hiki kitu kikiwekwa hapa, kitaishia wapi, sakafuni au mgongoni mwa sungura?

Kabla hujaanza angalia kwanza una sungura gani. Angora wa Kiingereza ana sufu mpaka usoni, masikioni na miguuni, ni mzuri kumtazama lakini kwenye kundi ndo mgumu kuliko wote, anaokota kila kitu anachopita juu yake. Angora wa Kifaransa uso na miguu yake ina manyoya mafupi ya kawaida, sufu imekaa mwilini tu, huyu ndo ningemshauri mtu anayeanza. Wa Kijerumani anatoa sufu nyingi sana ila hapukutishi kama wengine, lazima anyolewe, na hiyo kwa kundi naona ni faida kabisa maana ukimnyoa umemaliza, ameanza upya yuko safi.

Nani akae na nani

Mi nashauri majike watatu mpaka watano na dume mmoja aliyehasiwa, basi. Madume wawili wasiohasiwa usijaribu, wakishapevuka wanang'atana sehemu za siri na kuna wanaohasiana wenyewe kwa meno, sio utani. Na dume akishahasiwa usimrudishe wiki ile ile ukadhani kazi imeisha, mbegu zinabaki mwilini, mpe wiki sita nzima peke yake. Kama majike nao wanaweza kutolewa kizazi na daktari anayejua sungura bora zaidi, majike wasiotolewa kizazi wana tabia ya kupata kansa ya kizazi wakizeeka na pia ugomvi unapungua sana.

Dume mzima kumwacha na majike humo humo hapana, na sababu sio tu kwamba utajaza vitoto. Mimba ya sungura ni kama siku 31, na jike anaweza kupandwa siku ile ile aliyozaa, yaani mwili haupumziki. Alafu jike akikaribia kuzaa anajinyonyoa sufu ya kifuani na tumboni na mbavuni kutengeneza kiota, sasa hiyo sufu ndo mavuno yako yanaondoka hivo. Hata bila dume hili linatokea, jike wa sungura yai linashuka akipandwa, na majike huwa wanapandana wenyewe kwa wenyewe kuoneshana nani mkubwa, kwaiyo kuna anayeingia mimba ya uongo, inachukua kama siku 16 mpaka 18, unamkuta amejaza majani mdomoni anazunguka banda na kifua kiko upara. Ukiona hivo usiogope, mwachie kiota chake siku chache, akimaliza anatulia mwenyewe, ila kama ni jike yule yule kila mara huyo mtoe kizazi.

Banda lenyewe

Ukubwa, kila mtu ana hesabu yake, mi nahesabu mita mbili za mraba kwa kila sungura na kama nafasi ni ndogo napunguza sungura sio nafasi. Wavu uwe ule mzito uliochomelewa, matundu ya sentimita 1.25, ule wa kuku wa pembe sita mbwa anauchana usiku mmoja na panya anapita tu. Paa lisivuje hata tone. Upepo upite juu, usipige usawa wa wanyama.

Sakafu ndo penye maneno. Kuna watu wanapenda sungura wachimbe udongo waishi kama porini, na kwa sungura wa kawaida sina ubishi, ila kwa wa sufu nasema usifanye. Akichimba shimo anatoka na udongo kwenye sufu, sufu ikilowa kidogo inakuwa gamba, na siku ukimtaka kumkagua yuko mita moja na nusu chini ya ardhi anakusikiliza tu. Fanya sakafu ngumu yenye mteremko kidogo wa maji, kama huna uwezo wa zege basi laza wavu chini ya udongo na pembeni uutokeze nje kama sentimita 60 ili wasichimbe kutoka na mwingine asichimbe kuingia.

Juu ya sakafu ngumu usiwaache hivo hivo, Angora ni mzito na visigino vitatoka vidonda. Mi nimeweka majukwaa ya mbao zilizoachana kidogo, urefu wa kiganja kutoka chini, ndo wanapolala, na mahali pengine mikeka ya mpira. Mikeka kagua, wakianza kuitafuna itoe. Vumbi la mbao usiweke kabisa, linaingia mpaka mapafuni. Maranda nayo yanang'ang'ania sufu kama kupe, mabua yaliyokatwa katwa vile vile. Kama lazima uweke matandiko basi mabua marefu mazima, hayo yanateleza juu ya sufu badala ya kujisokota ndani.

Sasa habari ya choo, hapa sungura atakusaidia mwenyewe. Anapenda kukojoa kona moja, na anapenda kunya huku anakula. Angalia siku mbili tatu wamechagua kona ipi, weka hapo trei kubwa yenye wavu juu, na hori la majani makavu liweke mbele ya hiyo trei. Wanakaa kwenye trei, wanakula, wanakunya, na majani yanayodondoka yanaangukia choo sio migongo yao. Ila hori liwe usawa wa pua, usilining'inize juu! Hili ndo kosa lililoniharibia mavuno yale niliyosema, hori lilikuwa juu, mmoja anavuta mwingine yuko chini yake, kila anachovuta huyu kinamwagikia yule shingoni. Wavute kwa mbele, matundu madogo, na majani yakung'ute nje kabla hujaweka ili vumbi na mbegu vibaki huko. Majani yaliyokomaa mpaka yametoa masuke wape wanyama wengine.

Maji, tumia chupa au mabomba yenye ncha ya chuma ya kunyonya. Bakuli linalowesha sufu ya kidevuni na kifuani, inashikana kama mkeka na ngozi chini yake inaanza kuoza. Lakini sungura kwenye bakuli anakunywa zaidi, kwaiyo siku za joto kali naongeza bakuli zito lenye mdomo mwembamba nalipandisha juu ya tofali, na jioni natoa.

Sehemu za kula na kunywa ziwe nyingi na ziwe mbali mbali, maana jike mbabe anaweza kulala mbele ya chakula akazuia wote, akikuta vituo vitatu hawezi kuvilinda vyote. Na maficho, boksi, mabomba makubwa, chochote, yawe na milango miwili. Ficho la mlango mmoja ni mtego, anayekimbizwa akiingia hana pa kutokea, anapigwa humo humo.

Siku ya kuwaunganisha

Usimchukue mgeni ukamtupa kwenye banda la wenyeji, utakuwa umemwonea. Mahali ambapo hakuna hata mmoja anapajua ndo pazuri, na kama banda ni jipya waingize wote siku moja, hakuna mwenye nyumba. Wiki moja kabla waweke jirani wakiwa wanatenganishwa na wavu mara mbili wenye nafasi katikati ili wasing'atane pua, na ubadilishane matandiko yao wazoeane harufu.

Alafu kitu ambacho sijaona wengi wanasema, wanyoe kwanza. Sio upara, acha kama sentimita mbili ya kukinga meno. Sungura mwenye sufu ndefu akiumwa huoni kidonda, utakuja kukigundua kwa harufu baada ya siku nne. Na yule mwenye sufu usoni mpunguze kuzunguka macho, kwa nilivyoona mimi wenzake hawamsomi, masikio na uso ndo vinaongea kwa sungura, sasa ukivifunika anaonekana kama mto tu unaotembea na wanamshambulia kwa woga. Kata na kucha.

Kaa hapo uangalie, usiende kuangalia simu. Kukimbizana, kupandana, kung'oana manyoya kidogo, hayo acha yaendelee, wanapanga nani mkubwa na ukiwatenganisha kila baada ya dakika tano hawatamaliza kamwe. Usichoruhusu ni wakijikunja wawili wakawa kama mpira unaozunguka, au mmoja anang'ang'ania kung'ata tumboni na sehemu za siri, au damu. Hapo tia ubao katikati, au ufagio, usitie mkono, watakung'ata vibaya bila hata kujua ni wewe. Wakitulia na kuanza kulambana au kulala wamegusana mgongo, umeshinda, na usiku ule usiwatenganishe maana kesho utaanza moja.

Kila wiki lazima umshike kila mmoja

Hapa ndo naona watu wanadanganyika, wanafikiri kundi ni kupunguza kazi. Kusafisha kunapungua ndio, ila kwenye kizimba ulikuwa unajua huyu hajala na mavi yake haya hapa, kwenye kundi mavi ni ya wote na chakula ni cha wote, mmoja anaweza kukonda wiki mbili huku unaona mpira wa sufu uko palepale mzuri. Sufu inaficha. Kwaiyo mezani, mmoja mmoja, dakika kumi na tano kila wiki, na daftari.

Mi naanza na mzani, andika uzito, akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake huyo ana shida hata kama anarukaruka. Pitisha vidole kwenye uti wa mgongo, ukihisi mifupa imechomoza kama meno ya msumeno kakonda. Meno ya mbele yamekutana sawa? Masikio ndani yana ukoko wa kahawia? Hao ni utitiri. Ngozi ya mabegani ina mba nyingi inayotembea? Utitiri pia, wa aina nyingine, na kwenye kundi ukimkuta nao mmoja hesabu wanao wote, tibu wote siku moja. Dawa zitoke kwa dokta wa mifugo, na zile za viroboto za mbwa na paka zenye fipronil sungura usimpake, zinamuua. Antibayotiki za kundi la penisilini za kumeza vile vile, zinaua bakteria wazuri wa tumboni na sungura anakufa kwa kuhara.

Kisha geuza uangalie nyuma. Sufu iliyolowa mkojo au mavi laini pale mkiani nzi wanataga, na mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, funza wanaanza kula mnyama mzima mzima. Mi pale nyuma na ndani ya mapaja nanyoa fupi muda wote, mwaka mzima, hiyo sufu haina thamani ya kubishania.

Mafundo yanaanzia kwapani, nyuma ya masikio na chini ya kidevu. Usivute na kitana, kata kwa mkasi huku umetanguliza vidole kati ya mkasi na ngozi, ngozi yao ni nyembamba kama karatasi na inainuka pamoja na fundo. Kuhusu brashi, usiitumie kila siku, inakata na kung'oa sufu nzuri. Kama unaweza kupata ile mashine ya kupuliza upepo ya baridi, nunua, ndo kitu kimoja ningekushauri utumie pesa. Unampuliza mpaka ngozi ionekane, vijani na mba vinaruka, na sufu inabaki imeachana. Mwanzoni wanaogopa, anza na upepo mdogo mbali.

Na kuna tumbo. Sungura hawezi kutapika, kilichoingia kinatoka upande ule mwingine tu au hakitoki. Wakiwa kundi wanalambana, ni kitu kizuri wakipendana, ila ina maana kila mmoja anameza sufu yake na ya mwenzake. Kwaiyo angalia mavi kwenye trei kila asubuhi, ukiona punje zimeungana na uzi wa sufu kama shanga ujue kuna mtu anameza nyingi, sogeza tarehe ya kunyoa mbele. Punje ndogo ngumu, ni dalili mbaya zaidi. Kuna wanaosema mpe nanasi au papai litayeyusha sufu tumboni, haliyeyushi, nywele hazimeng'enywi na tunda. Kinachosukuma ni majani makavu muda wote, maji, na kutembea, na hapo kundi linasaidia kweli, maana wanakimbia. Peleti, yaani chakula cha punje kilichoshindiliwa, toa kidogo kwa muda maalum asubuhi na uite wote, asiyekuja mshike hapo hapo. Sungura aliyekaa masaa 12 bila kula ni dharura, usisubiri kesho.

Wakianza kutafunana sufu migongoni angalia chakula kwanza, majani makavu yamepungua au protini ni ndogo, sufu yenyewe ni protini na Angora anahitaji kama asilimia 16 mpaka 18 kwenye peleti. Chakula kikiwa sawa na bado wanatafunana basi ni kuchoka, au wamejazana.

Unyevu usiuvumilie. Koksidia, kijidudu cha tumboni kinacholeta kuhara, inatoka na mavi na ikipata unyevu ndani ya siku mbili hivi iko tayari kuambukiza, na vitoto ndo vinakufa. Trei safisha kila siku. Yale matandiko ya kurundika miezi na miezi juu kwa juu sungura wa sufu hayamfai, na kama hujui banda lina hali gani piga magoti uvute pumzi usawa wa pua zao, macho yakiwasha wewe uliyekaa dakika moja fikiria wao. Mgeni yeyote akae peke yake mwezi mzima kabla ya kuingia, na kama eneo lako kuna chanjo ya homa ya sungura ya kutoka damu chanja wote, ugonjwa ule ukiingia kwenye kundi hauchagui.

Joto: sungura hatoi jasho, anapoza mwili kwa masikio, na huyu amevaa koti. Ikishafika nyuzi 28 mpaka 30 mnyoe hata kama sufu haijafika urefu, na weka chupa za maji ya barafu walale pembeni yake.

Kuvuna

Sufu inakua kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi, wengi wanavuna kila siku 90 hivi. Kwenye kundi mi sisubiri iwe ndefu sana ya kujisifia, ikifika sentimita sita saba navuna, kila wiki unayoongeza unaongeza takataka na mafundo. Wanaopukutisha unaweza kuwanyonyoa kwa vidole pale tu sufu inapojiachia yenyewe, ukiona unavuta na ngozi inakuja acha, chukua mkasi.

Mpulize kwanza, alafu nyoa kuanzia katikati ya mgongo kushuka mbavuni, hiyo ndo daraja la kwanza, weka mfuko wake. Shingo, kifua na mapaja mfuko mwingine. Tumbo na nyuma tupa au tumia kujazia mito. Usichanganye ukasema utachambua baadaye, hutachambua. Na usioshe kabla ya kutoa majani, ukiosha sufu ya Angora ikiwa na taka inashikana na taka zinabaki humo milele, haina mafuta kama ya kondoo kwaiyo ikiwa safi unaweza kusokota moja kwa moja. Hifadhi kwenye boksi au mfuko wa kitambaa bila kushindilia.

Usinyoe kundi lote siku moja, mi nafanya wawili kwa siku. Aliyenyolewa anaporudi wenzake wanamshangaa, harufu na umbo vimebadilika, kuna siku dume alimkimbiza jike aliyekuwa akilala naye miaka miwili. Msugue na matandiko ya banda kabla hujamrudisha, na kama kuna baridi muweke pasipo upepo siku kadhaa.

Ukitaka kuzalisha, mpeleke jike kwa dume mzima banda lingine, kisha siku ya 27 au 28 muweke kwenye chumba chake cha wavu ndani ya banda lile lile, awaone wenzake wasimfikie, majike wengine wanaweza kuua vitoto. Ile sufu anayojinyonyoa kuwekea kiota ni ndefu, inaweza kujisokota shingoni au mguuni kwa kitoto ikamkata, kwaiyo itoe uikate vipande vifupi uirudishe. Vitoto vinafumbua macho siku ya 10 mpaka 12, na madume watoe kwa dada zao kabla ya wiki ya 12, ukichelewa utajua mwenyewe.

Hicho chumba cha wavu usikivunje vitoto vikishakua. Kuna sungura hawataki kundi, umefanya kila kitu na bado anapigwa au anapiga, basi mkalishe humo, anapata harufu na sauti ya wenzake bila meno yao. Mimi ninaye mmoja, mwaka wa tatu huu yuko upande wake wa wavu, na sufu yake, sitaki kusema uongo, ndo safi kuliko ya wote.